Herufi Nne Ukutani

Mtaa mzima ulimwita Mama Lehemu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akitengeneza redio, televisheni, feni na chochote chenye waya, katika chumba kimoja chenye meza ndefu, taa ya kuinamisha na harufu ya lehemu iliyokwisha kuingia mpaka kwenye mapazia. Kujiamini alijaliwa, tena alijaliwa na cha kumgawia jirani.

Alikuwa na desturi moja. Akishamaliza kurekebisha koili, yaani waya uliozungushwa kwenye kiini, aliwasha mshumaa na kudondosha nta juu ya skrubu yake ili isisogee tena. Mafundi wengi hufanya hivyo. Ila kwake yeye nta ilikuwa kiapo: ikishaganda, kazi imekwisha, na hakuwahi kuivunja nta yake mwenyewe hata siku moja. Ukimrudishia redio ukasema bado inakoroma, alikuuliza kwanza kama una hakika si masikio yako.

Sasa kaka wa mumewe, huyu tuliyemzoea kwa jina la Kioo, alikuwa fundi wa namna nyingine. Alikunja mirija ya kioo juu ya moto, akaijaza gesi, akaitia umeme mkali, ikawa mabango ya mwanga mwekundu. Enzi zake duka lisilo na bango la Kioo lilionekana kama genge. Kisha yakaja mabango ya plastiki yenye vitaa vidogo, rahisi, na ya kwake yakaanza kushushwa moja moja. Lilibaki moja tu mji mzima, juu ya duka la dawa, herufi nne: DAWA.

Na macho yake nayo yalikuwa yameshaliwa na presha ya macho. Uso wa mtu aliuona kama moshi. Kilichopenya bado ni mwanga mkali tu, na ndiyo maana kila jioni alikwenda kusimama ng'ambo ya barabara na fimbo yake, akiangalia herufi zake. Kukunja kioo kingine hangeweza tena. Basi transfoma ya lile bango, dude la chuma la kubebwa na watu wawili, ikaungua, na nyingine kama hiyo haipatikani kwa dawa wala kwa uganga. Kioo akaacha kutoka nyumbani.

"Lile bango likishuka, shemeji," alimwambia Mama Lehemu, "mtakuwa mmenizika ningali napumua."

Mama Lehemu alikwenda kwa mwenye duka siku hiyo hiyo. Yule bwana alikuwa mpole, akaeleza kwamba bango jipya limeshaagizwa na litaletwa Jumamosi saa nne asubuhi. Kama la zamani litakuwa linawaka, ataliacha na jipya atalipeleka dukani kwa ndugu yake. Kama haliwaki, afanyeje? Mama Lehemu akamjibu kwamba litawaka, akasema kama mtu anayetaja jina lake.

Hakuhitaji dude la chuma. Kwa siku tano alisuka inveta, mtambo mdogo wa kupandisha umeme: transista mbili juu ya vipande vya alumini vya kuzipooza, safu ya kapasita za kuhifadhi umeme, na kiini cheusi cha televisheni kuukuu alichokizungushia waya mwembamba wa shaba, tabaka kwa tabaka, karatasi katikati. Siri ya mtambo wa namna hii ni mdundo. Koili na kapasita zina mdundo wao zinaoupenda, na ukizisukuma kwa mdundo huo umeme unapanda wenyewe, kama bembea inavyopanda kwa mtu anayejua lini asukume. Ukikosea mdundo, nguvu yote inarudi kwenye transista na kuziunguza. Mdundo wenyewe aliurekebisha kwa skrubu ya koili ndogo pembeni.

Kioo alikuja siku ya majaribio, akaleta mrija mmoja uliobaki bandani kwake, urefu wa mkono. Mama Lehemu akaweka mkono wa kushoto mfukoni, maana kwenye umeme mkali hakutaka kabisa kushika kwa mikono miwili, akazungusha skrubu kwa kijiti cha plastiki. Mrija ukawaka mwekundu mpaka ukutani. Transista zilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa. Akazima, akawasha mshumaa.

"Ngoja kwanza," Kioo akasema. "Huo ni mrija mmoja mezani. Kule ukutani kuna herufi nne, nyaya ndefu na bati nyuma yake. Vyote hivyo vitauvuta mdundo wako."

"Shemeji, wewe umepuliza vioo mpaka upepo umebaki kichwani. Umeme niachie mimi."

Wakacheka wote wawili, ndivyo mashemeji walivyo, na nta ikadondoka.

Ijumaa alasiri akautia mtambo ndani ya boksi na kulifunga juu ya paa la duka, nyuma ya bango. Hata ile balbu ambayo mafundi huiunganisha kwenye njia ya umeme ili kuupunguza wakati wa kujaribu hakuibeba. Balbu ilikuwa ya wanafunzi. Akawasha. Herufi zikatoa rangi ya waridi iliyochujuka, zikatetemeka kwa muda wa kuhesabu kumi, kisha ikaja harufu ambayo kila fundi anaijua na hakuna anayeipenda. Transista zote mbili zilikwenda na maji. Chini barabarani mwenye duka alikohoa kidogo, akaingia ndani. Afadhali angemtukana.

Mama Lehemu alirudi nyumbani akizilaani transista, kwamba ni za bandia, siku hizi kila kitu ni cha bandia. Alikuwa na jozi moja tu iliyobaki. Akaifunga, akaunganisha ule mrija wa majaribio, na mezani mtambo ukafanya kazi vizuri kama mwanzo. Hapo ndipo alipoishiwa na wa kumlaani. Alikaa akiitazama nta yake, na aibu ikampanda taratibu mpaka masikioni. Mzee wa watu alikuwa amemwambia kweli, naye akamfanyia utani, na sasa anayekwenda kulipa si yeye. Ni yule mzee.

Akapiga moyo konde, akaenda kwa Kioo. Alimweleza yote bila kujitetea, akamwomba msamaha, akamuuliza zamani walikuwa wakifanyaje.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Kioo akasema, kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. Kisha akatulia. "Kila bango lina uzito wake kwa umeme. Nilikuwa nikilipima likiwa limeshatundikwa. Mezani nilikuwa nakunywa chai tu."

Jumamosi alfajiri walikwenda wote wawili. Kioo akabaki ng'ambo ya barabara pamoja na mwenye duka, aliyetoka na kandambili na usingizi usoni. Mama Lehemu akapanda ngazi, safari hii na balbu yake mfukoni. Akaiunganisha. Kisha akatoa kisu kidogo na kuivunja nta. Ilitoka kipande kizima.

Akawasha. Balbu ikang'aa kwa ukali, dalili kwamba umeme unapotea bure, na herufi zikabaki na ule uwaridi wa jana. Akazungusha kijiti robo mzunguko, ikawa vibaya zaidi. Akarudi, akapita pale alipoanzia, akaendelea polepole, na mwili wake ukaanza kuujua mtambo ule kama mpishi anavyoijua chumvi. Balbu ilififia. Bati la nyuma likaanza kuwa jekundu kwa mwanga wa herufi. Akazima, akangoja, akamaliza umeme uliobaki kwenye kapasita kwa fimbo yake ya waya, akaiondoa balbu. Sasa transista zilibaki bila kinga. Akawasha, akahesabu kumi, akahesabu mia. Alipozima na kuzigusa, zilikuwa vuguvugu. Akawasha tena, akaliacha bango liwake.

Alishuka ngazi akijua kazi ni safi. Mwenye duka alikuwa ameshatoa simu, akimwambia mtu kwamba bango jipya lipelekwe kwa ndugu yake. Ila Kioo alisimama vile vile, uso ameuinua, na Mama Lehemu alipokuwa akivuka barabara hofu ilimshika kwa mara ya kwanza wiki ile. Wiki tatu mzee hakuja kusimama pale, na macho hayamsubiri mtu. Huenda wamewasha taa mbele ya mtu asiyeona tena kitu. Akasimama kando yake.

"Shemeji," Kioo akasema, "herufi ya tatu, mguu wa kulia, kule chini. Inapepesa."

Mama Lehemu akatazama. Macho yake mazima yalichukua muda kuiona, lakini kweli, W ilikuwa ikipepesa, kidogo sana, chini kabisa.

"Kishikizo kimelegea," Kioo akaendelea kwa ukali. "Panda ukakikaze. Kazi yangu haiwezi kukaa hivyo mbele za watu."

Katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kuikosoa kazi ya Mama Lehemu akaachwa salama. Aliufuta uso kwa ncha ya kanga, akamwambia ndiyo shemeji, akavuka barabara kuirudia ngazi.