Chupa Mbili za Shemeji

Nyinyi mnaolea wazee nyumbani, nawaandikia msije mkasema hamkuambiwa. Elimu yangu mimi ni ya msingi tu, na pale nyumbani wananiita Mama Wasiwasi. Sikatai. Nina mtoto anayetambaa, chochote akiokota kinakwenda mdomoni. Wasiwasi ndiyo kazi yangu.

Mama mkwe ana sukari na presha. Dawa nilikuwa nampa mimi, kila kidonge kutoka boksi lake, mpaka shemeji yangu mkubwa akaona nachelewesha maendeleo. Huyu tunamwita Mkurugenzi, maana hata chumvi ikipungua kwenye mboga ataitisha kikao. Akaja na chupa mbili za kioo, akakamua vidonge vyote kutoka kwenye karatasi zake: vyeupe vya sukari chupa hii, vya njano vya presha chupa ile. Ukutani akabandika chati aliyoichapa ofisini kwake na kuivika plastiki: VYEUPE, viwili asubuhi, viwili jioni. VYA NJANO, kimoja asubuhi.

"Sasa hata asiyesoma hawezi kukosea," akasema, macho kwangu.

Mwezi uliofuata akaenda mwenyewe kuchukua dawa. Duka lilikuwa limeleta za kiwanda kingine: safari hii za presha ndizo nyeupe, za sukari ndizo njano. Maboksi yalisema hivyo, lakini mkubwa hasomi maboksi. Vyeupe akavimimina kwa vyeupe wenzao, vya njano kwa wenzao, maboksi akayatupa jalalani.

Mimi nikayaokota. Si kwa akili, jamani, ni kwa kumwogopea mtoto. Karatasi moja ilikuwa bado na kidonge kimekwama. Nikayafunga yote furushi moja bila kuyasoma, nikaliweka juu ya kabati.

Siku ya tatu mama mkwe akashika ukuta. "Mwanangu, hii sakafu mmeihamisha?"

Nikamwendea Mkurugenzi. "Shemeji, vyeupe vingine vina mstari katikati, vingine havina."

"Mama Wasiwasi! Leo unakagua mistari? Fuata chati."

Na mimi, mjinga wa kutii, nikafuata. Hapo najilaumu hadi leo.

Siku ya tano mama akaanguka mlangoni mwa bafu. Midomo imekauka, mkono baridi kama bomba la maji. Tukamkimbiza hospitali, Mkurugenzi kabeba chupa zake na chati kwapani, mimi nimebeba mtoto mgongoni na furushi langu mkononi.

Nesi akampima presha mara mbili, akaguna. Akainua chupa. "Hivi vyeupe ni vya nini?"

"Vya asubuhi na jioni," akajibu Mkurugenzi, akiikunjua chati.

"Sijauliza saa, kaka. Ni vya ugonjwa gani?"

"Vya... hivyo vyeupe."

Nesi akamtazama kama mtu anayetazama mbuzi kaingia ofisini. Nikafungua furushi. Akakitoa kile kidonge kilichokwama, cheupe, chenye mstari, akasoma karatasi yake.

"Hii ni ya presha. Kimoja kwa siku. Mmempa hadi vinne! Mngechelewa kidogo, mngekuwa mnaongea na watu wengine, si mimi."

Wakamtundikia dripu. Kwenye benchi Mkurugenzi akanong'ona, "Shemeji, hili lisifike kwa ndugu." Nikamjibu, "Litafika kwa chati?"

Siku ya pili mama mkwe akafumbua macho vizuri. Akamwita mwanawe karibu.

"Baba, mimi ni mgonjwa, siyo bendera. Nani kakutuma unipange kwa rangi?"

Basi mnaolea wazee, dawa ikae kwenye boksi lake, na ikibadilika sura, uliza kabla ya kumeza. Ukichekwa, chekwa, kicheko hakiangushi mtu bafuni. Mama sasa anakunywa dawa kutoka mkononi mwangu, na kila asubuhi ananiambia, "Soma boksi, Mama Wasiwasi, nisikie." Nasoma kwa sauti, polepole, mpaka herufi ya mwisho.

Chati nayo sikuitupa. Naitandika chini ya sahani ya mtoto anapokula. Plastiki yake nzuri, inafutika.