Taa Isiyo na Unene

Kila jioni kabla ya somo la kompyuta, mwalimu alimwachia Mama Ameni aombe. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake, wengi wao wa umri wa watoto wake, kwa sababu "ameni" yake ilisikika hadi duka la jirani. Jioni hiyo alikuwa amemaliza kazi aliyoiomba mwenyewe kanisani: kuifanya nembo ya kwaya, taa ya chemli ndani ya duara, izunguke kwenye skrini kama kitu halisi kilichosimama mezani.

Fundi cherehani, aliyekaa naye dawati moja, alinyoosha shingo kuitazama.

"Imependeza, mama. Lakini ikigeuka ubavu haipo." Alitoa kadi ya duka lake mfukoni, akaizungusha taratibu mpaka ukabaki ukingo tu. "Unaona? Hujaipa unene."

Somo la unene lilimpita Mama Ameni akiwa mgonjwa, na kuuliza aliona haya. Wangesema bibi ameachwa nyuma.

"Nimeiombea, fundi," alisema. "Iko tayari."

Hakuwa ameiombea. Alisema hivyo ili amnyamazishe huyu mtu, basi.

"Haya, umeiombea. Lakini kompyuta haifumbi macho na sisi, mama. Kaa kidogo nikuonyeshe."

"Wewe kashone suruali zako."

Wenzao wakaguna. Fundi akairudisha kadi mfukoni, akageukia kazi yake.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mchungaji alimsimamisha mbele ya watu wote. "Mama yetu huyu kaanza shule na mvi zake. Ameniambia kazi hii ameifanya kwa maombi." Watu wakapiga makofi. Mama Ameni alitazama viatu vyake. Kumdanganya fundi lilikuwa jambo moja. Sasa uongo ule ulikuwa umepanda madhabahuni, na yeye ndiye aliyeupandisha, alipomwambia mchungaji maneno yale yale.

Taa ilitokea kwenye ukuta mweupe, kubwa, ya dhahabu. Ikaanza kugeuka. Ikawa nyembamba, ikawa uzi, ikatoweka. Kisha ikarudi, jina la kwaya likisomeka kinyumenyume.

Mchungaji alikuwa ameanza sala. Katika kimya kile mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Imezimika!"

Taa ikarudi. "Imewaka!" wakaitikia watoto wa benchi zima.

"Imezimika!"

Mabega ya wanakwaya yalianza kutikisika. Mwenye sauti ya nne alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mama Ameni alibonyeza hiki, akabonyeza kile, vidole havikumsikia.

"Mama, zima tu," alinong'ona binti yake pembeni.

Akachomoa waya wa umeme. Taa ikazimika kweli, na kipaza sauti cha mchungaji nacho kikafa katikati ya sentensi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Baada ya ibada mchungaji alimshika mkono. "Usijali, mama. Mungu anayaona maombi yako."

Hilo ndilo lililomchoma. Alirudi nyumbani bila kusalimiana na mtu, na alipopiga magoti kando ya kitanda hakupata neno la kuanzia.

Jioni ya darasa alifika mapema. Fundi alikuwa amekwisha kaa.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Nilikutolea maneno mabaya."

"Ya suruali? Dukani naambiwa makubwa kuliko hayo."

"Na sikuiombea." Alikuwa ameukumbatia mkoba wake kifuani. "Nilisema nimeiombea ili uniache. Mchungaji akayarudia mbele ya watu, nami nikanyamaza. Leo mchana nimekwenda kumwambia. Sasa nakwambia wewe."

Fundi hakucheka. Alivuta kiti chake karibu, akafungua faili ya nembo.

"Unene wenyewe si mgumu. Tunainakili hii picha mara nyingi, tunazipanga nakala moja nyuma ya nyingine, kama vitambaa kwenye rafu. Za nyuma tunazitia giza kidogo. Shika kipanya, mama. Wewe ndiye utakayefanya."

Wenzao waliingia, wakakaa. Mwalimu alimtazama Mama Ameni kama kawaida. Yeye akatikisa kichwa.

"Leo aombe fundi."

"Mimi?" Fundi alivua kofia, akakohoa. "Mungu... eh, Mungu. Tusaidie hii taa isipotee tena."

"Ameni," alisema Mama Ameni. Safari hii hata aliyekaa dawati la nyuma hakumsikia.