Mwanzo Uliokatwa

Kila Mjomba Humphrey alipofika Guangzhou, China, kununua nguo za duka lake la Moshi, Judica, aliyekuwa anasoma chuo huko, alifunga vitabu vyake vya afya ya jamii akawa mkalimani wake. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo, maana mjomba ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Shida ilikuwa kutulia. Judica alikuwa amesomea udaktari Kharkiv, kule Ukraine, hadi vita vilipomkuta mwaka wa nne, na tangu hapo kelele ya ghafla ilimwinua kitini kabla hajajua kimetokea nini. Maduka ya jumla ya Barabara ya Zhanqian yamejaa kelele za namna hiyo. Mabunda yanabwagwa sakafuni, na utepe wa kufungia maboksi unavutwa kwa mlio kama kitu kinachanika.

Asubuhi hiyo mjomba alikuwa anapapasa suruali za jinzi, sikio moja limezibwa na spika ndogo ya simu.

"Hivi Judi," akasema bila kuinua macho, "ni kweli wale watu wa Ukraine walikuwa wanajipiga mabomu wenyewe, ili wazungu wenzao wawaonee huruma?"

"Nani kasema?"

"Si taarifa ya habari. Ile televisheni ya serikali ya Urusi. Siku hizi wanatoa kwa Kiswahili safi kabisa, kuliko hata redio zetu."

"Mimi nilikuwepo, mjomba. Tulilala chini ya ardhi. Mabomu yalikuwa yanatoka upande wa Urusi."

"Sasa ungeonaje yanakotoka, na wewe uko chini ya ardhi?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayemsahihishia mtoto hesabu. Laoban, mama mwenye duka, akageuza kikokotoo chake ili waione bei, naye Judica akamwambia "tai gui le", ghali mno, kwa sauti iliyotetemeka. Mama yule akadhani ni hasira ya bei, akapunguza. Mjomba akafurahi sana.

Mchana walikwenda Tianxiu, jengo la Waafrika kule Xiaobei, kwa wakala wa mizigo anayeitwa Rashid, mtu wa Tanga mwenye ofisi iliyojaa maboksi hadi mlangoni. Judica alikataa kiti. Alisimama dirishani, akarudi mlangoni, akarudi tena dirishani.

"Ndiye huyu?" Rashid akamuuliza mjomba.

"Ndiye mwenyewe."

"Pole sana, dada. Tuliiona wote video yako. Yaani mimi ile ndiyo iliyonifungua macho."

"Video gani?"

Rashid akamtazama Humphrey, Humphrey akaitazama chai yake. Kisha Rashid akampa Judica simu.

Alijiona mwenyewe, amevaa koti lenye kofia, midomo imebabuka kwa baridi. "Wametushusha kwenye treni," Judica wa kwenye simu alikuwa analia. "Wanasema weusi tusubiri, wao kwanza. Wametusukuma mimi na wenzangu." Picha ikakatika. Mtangazaji akaingia, sauti nene ya Kiswahili kizuri, akasema hawa ndio watu ambao dunia inalazimishwa kuwalilia, na kwamba Urusi haijawahi kumshusha Mwafrika popote.

Judica alihisi miguu inataka kutoka mle ndani bila yeye.

"Hii nilimtumia mama," akasema. "Imefikaje huku?"

"Mimi ndiye niliyewapa," mjomba akajibu. "Niliiweka kwenye ukurasa wangu kwa uchungu. Mwanangu anasukumwa kama mzigo! Wakaniandikia wao wenyewe, kwa heshima. Hakuna kituo kingine kilichonitafuta, Judi. Hata kimoja."

"Na mwanzo wake uko wapi?"

"Mwanzo upi?"

Judica akatoa simu yake. Akaitafuta video ile. Ikaanza: "Mama, niko hai. Warusi wamepiga jengo lililo jirani na hosteli. Byron, mwenzetu wa hosteli, alitoka kutafuta maji, hajarudi. Tumemwita mpaka tumechoka." Nyuma yake mtu alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa Kiswahili cha Kenya. Halafu ndipo stesheni, halafu ndipo treni.

Humphrey akaweka kikombe chini.

"Lakini walikushusha, au hawakukushusha?" akauliza Rashid.

"Walinishusha."

"Basi televisheni haijasema uongo."

"Nilikuwa kwenye treni ya kukimbia nini, kaka Rashid?"

Rashid akajikuna kidevu. "Na hao wa Magharibi je? Libya walituambia nini? Miaka yote wanatuonyesha sisi kwa inzi na njaa."

"Sijasema hawadanganyi," Judica akasema. "Nimesema Byron hakurudi."

Mjomba alikuwa bado anaiangalia simu ya Judica, ingawa video ilishakwisha. "Hii nilikuwa nayo nzima," akasema taratibu. "Niliisikiliza na mama yako, tukalia wote. Huyo kijana nilimwombea kwa jina. Nimeona ile fupi ya kwao mara nyingi mno, Judi. Hii nilikuwa nimeisahau."

Maneno hayo yalimuumiza Judica kuliko ya mtangazaji.

Humphrey akaituma video nzima kwenye kundi la wafanyabiashara wenzake wa Moshi, palepale, bila kuombwa. Majibu yaliwakuta njiani kuelekea Kangle, mtaa wa mafundi cherehani, kuchukua sketi walizoagiza. Mmoja alisema imetengenezwa na kompyuta. Mwingine alisema sauti si ya binti yule, wanamjua, wameshamwona mara nyingi. Mjomba akawa anajibu huku anatembea, akikwepa baiskeli za umeme zilizobeba vitambaa, uso umemvimba kwa hasira.

"Wananiuliza nimelipwa na nani," akasema. "Wazee wa kanisa hawa, nimewasaidia misiba."

"Achana nao, mjomba."

"Siachani nao. Mimi ndiye niliyewafundisha kuiangalia televisheni ile."

Kangle sketi zilikuwa hazijamalizwa. Judica akasimama kwenye kichochoro, cherehani zikinguruma pande zote, akaiangalia video yake hadi mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ile. Mwishoni kabisa, baada ya kilio, ilisikika sauti ya mwanamke ikisema kwa Kiukraine, "Nipe mkono, binti, panda." Kisha picha ikayumba na kuzima.

Alirudia. Mtu fulani alikuwa amemvuta akapanda treni iliyofuata. Kwa miaka yote ameisimulia safari ile, kwa wenzake chuoni na kwa mama yake, na hakuwahi kumtaja mtu huyo. Alijaribu kuukumbuka uso wake, asipate hata rangi ya kitambaa cha kichwani.

Akampa mjomba asikilize, akamtafsiria.

"Na kipande hiki nacho niwatumie?" mjomba akauliza, kidole kimesimama juu ya kioo.

"Kimo kwenye video ileile uliyotuma. Waambie tu waangalie mpaka mwisho."

Mjomba akaanza kuandika. Judica akazunguka kichochoro kile mara nyingine, akiliita kimoyomoyo kila jina la Kiukraine analolijua, kama kuna moja litakalomletea uso wa mwanamke yule.