Nyama Iliyoota Kidondani

Kitu cha kwanza alichokiona Rahabu ni ukingo. Alikuwa anaosha kidonda cha mama yake kwa maji ya chumvi, kama kila asubuhi, kitambaa kikakwama pembeni. Akapapasa. Ngozi ya pale ilikuwa imeinuka na kukakamaa kama ukingo wa ungo.

Kidonda chenyewe kilikuwa cha miaka mingi. Rahabu akiwa darasa la nne, sufuria ya pombe ya mtama iliyokuwa ikichemka ilimmwagikia mama yake, Emiliana, mguuni. Shule ikaishia hapo, maana wa kuosha kidonda alikuwa yeye. Kilifunga nusu, kikapasuka, kikafunga, kikapasuka tena, hadi watu wa kijiji chao cha Mungaa wakamzoea Emiliana na kitambaa chake.

Sasa nyama ilikuwa inaota. Nyekundu, yenye vinundu, inajaza shimo.

"Wifi, kinajaa!" Severina, shangazi yake Rahabu, alipiga kigelegele. "Mwaka huu hukai tena kivulini kama malkia. Utapalilia alizeti na sisi."

"Nitakupita, mvivu wewe," Emiliana akajibu, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Jumapili iliyofuata baba, Zefania, alibeba jogoo wa shukrani kwenda kanisani. Emiliana akasimama mbele ya waumini akasema mwili wake umekumbuka kazi yake. Baada ya ibada jogoo akapigwa mnada nje, watu wakapandisha bei kwa furaha. Rahabu alisimama nyuma kabisa. Harufu ya kitambaa ilikuwa imebadilika, naye alijua. Lakini msichana ambaye hata shikamoo yake wazee humwambia airudie kwa sauti, angeanzia wapi kubishana na kanisa zima?

Nyama haikusimama. Ilijaza shimo, ikafurika, ikachanua kama uyoga, ikawa inatoa damu kwa kuguswa tu. Mtoki ukaibuka kinenani, mgumu kama jiwe. Ndipo wakaenda hospitali mjini, Emiliana akapigwa picha ya kifua, na kipande cha nyama kikakatwa kikapimwe.

Siku ya majibu, daktari aliwaita Zefania na Rahabu ndani. Emiliana alibaki nje kwenye benchi.

"Ni saratani," daktari alisema taratibu. "Mwili ukiumia, hutengeneza vitu vya kuukarabati. Kimoja kinaitwa prostaglandini. Ndicho kinacholeta maumivu na uvimbe. Kinaita damu, kinasaidia nyama mpya kuota. Kidonda kikifunga, kitu hicho kinapungua. Cha mama hakikufunga. Miaka yote hiyo kitu hicho kimekuwa kinaita damu tu, chembe za mwili zinaota juu ya chembe, mwisho nyingine zikaharibika. Na saratani ikishaanza, hukitengeneza yenyewe, ikajilisha nacho."

Zefania alikuwa anakunja kofia yake. "Kwa hiyo mwili wake ndio uliomfanyia hivi?"

"Mwili ulikuwa unajaribu kumponya, mzee."

"Basi mpeni dawa ya kukizuia hicho kitu."

"Zipo zinazokipunguza. Hata baadhi ya vidonge vya maumivu mnavyonunua dukani hufanya hivyo, na wataalamu bado wanachunguza vinasaidia kiasi gani. Lakini hapa tulipofika haviwezi kuirudisha saratani nyuma. Hata mguu tukiukata. Imeshafika kwenye mapafu."

Walipotoka, Zefania alijipangusa uso kwa kofia, akaketi karibu na mkewe.

"Wamesema nyama inaendelea vizuri," alisema. "Tumepewa dawa za maumivu tu."

"Si nilisema!" Emiliana alikunjua uso. "Mtama wa mwaka huu napanda mwenyewe." Kisha akamgeukia binti yake. "Mbona wewe hunitazami? Rahabu. Wewe unakijua kidonda changu kuliko mimi mwenyewe. Kinapona?"

Zefania akakohoa, kikohozi cha kuonya. Kwao neno la kifo halisemwi mbele ya mgonjwa. Mtu huambiwa atapona mpaka udongo umfunike.

Rahabu alipiga magoti sakafuni, watu wakipita. Akaushika mguu ule kwa mikono miwili. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini safari hii hakuna aliyemwambia airudie.

"Hakiponi, mama. Unakufa. Na mimi sijui kuishi bila wewe."