Magari ya Watu Wawili

Jumamosi ile michezo ya zamani ya kompyuta ilishushwa bei mtandaoni. Vitus, aliyebaki peke yake Ilomba tangu dada yake Eveline aolewe Iringa, alitaka kununua mmoja tu. Akashindwa kuchagua kati ya karata, ambazo mtu hucheza mwenyewe, na mbio za magari walizokuwa wakishindana utotoni kwenye kibodi moja. Akampigia simu.

"Eveline, unayakumbuka yale magari yetu?"

"Magari gani, kaka? Nina wageni, nitakupigia."

Alisubiri mpaka chai ikapoa. Mwishowe akanunua magari, akachagua wachezaji wawili. Alipomaliza mzunguko wa kwanza, gari jekundu la Eveline lilikuwa bado limesimama pa kuanzia. Vitus akapunguza mwendo, akalipita kwa pembeni asije akaligonga.