Kitambaa cha Matalena

Kombe, lile ganda la baharini linalopulizwa kama baragumu, lilivuma, na Matalena akaketi palepale alipokuwa, ukingoni mwa barabara, na ndoo yake ya spana mapajani. Kijiji kizima kilitulia kwa sala ya magharibi. Mpaka kombe livume tena, hakuna anayetembea wala kupaza sauti, na faini ya mkaidi ni nguruwe. Matalena alikuwa na nguruwe mmoja.

Alifumba macho ili amshukuru Mungu kwa kazi ya siku, kukagua mashine za jimu ya kijiji. Mashine ya kifua: bolti zimekazwa. Ya miguu: kapi, gurudumu la waya, limetiwa grisi. Ya mgongo: kitambaa kimepitishwa juu ya waya taratibu, maana uzi wa chuma uliokatika hunasa kitambaa kabla jicho halijauona. Alikipitisha hadi katikati. Hapo mke wa mchungaji alimwita kwa ajili ya kwaya. Aliporudi, akasahau nusu iliyobaki, akaking'oa kibao cha USIGUSE alichokuwa amekitundika kwenye mashine, akaondoka.

Akafumbua macho. Uelese alikuwa ndani ya jimu, kijana mwenye shingo pana kuliko mlango wa jokofu, asiyejua kuvuta chuma kimoja wakati vipo ishirini.

Akainuka.

"Keti, shangazi," alinong'ona Petelo, mpwa wake, aliyekuwa zamu ya kulinda barabara, mkali kama askari wa ikulu ndani ya lavalava, shuka ya kiunoni, yenye maua.

"Waya wa mgongo sikuumaliza. Utamkatikia Uelese."

"Basi mwombee. Ndiyo saa yake."

"Nimekufua nepi wewe."

"Na wazee wamenikataza kupitisha hata mbwa. Nguruwe wako, shangazi."

Matalena alimfikiria nguruwe wake, mnene, mwenye tabia njema. Kisha akaifikiria ile shingo. Akaweka ndoo chini isije ikalia, akatembea.

Uelese alikuwa ameketi chini ya mashine, pini kwenye chuma cha mwisho kabisa, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Achia."

"Moja tu, mama, kabla ya amina."

"Achia, ng'ombe wewe."

Aliachia. Matalena alipanda kwenye kiti, akapitisha kitambaa kwenye nusu ya waya iliyobaki. Karibu na kapi la juu kikanasa. Akakitoa, akahesabu kwa ukucha: nyuzi tisa zimekatika. Uelese alitazama, akajishika shingo, kisha, kwa mara ya kwanza jioni hiyo, akasali.

Kombe likavuma tena; sala imekwisha. Petelo alisimama mlangoni na ndoo.

"Jua lilinipiga machoni," alisema akitazama dari. "Sikuona mtu barabarani."

Matalena akaufungua ule waya mbovu, akauangusha, akaketi. Uelese akamletea kikombe cha koko ya moto, naye akakishika kwa mikono miwili bila kunywa. Waya uliofunguliwa ulikuwa sakafuni, ukijikunja polepole, kama kitu kinachotafuta namna nzuri ya kulala.