Faili Moja la Watu Arobaini na Wawili

Mwalimu wa somo la mwanzo la teknolojia ya wavuti, ambaye wanafunzi walimwita Taratibu kwa sauti yake ya chini, alifungua folda ya mtihani Jumatatu asubuhi akakuta faili moja. Wanafunzi arobaini na wawili, faili moja. Akazima kompyuta, akaiwasha tena. Faili moja.

Lilikuwa la yule waliyemwita Bosi, aliyemaliza wa mwisho Ijumaa huku akipiga miayo: neno "Karibuni" juu ya rangi ya njano, basi.

Taratibu alielewa papo hapo. Wiki ya kwanza aliwafundisha kwamba ukurasa wa mwanzo wa tovuti huitwa index. Ijumaa akawaambia wote wapakie kazi kwenye folda moja. Kila aliyepakia faili lake la index alimfuta aliyemtangulia. Kompyuta za maabara nazo hujisafisha zikizimwa, na flash alikuwa amezipiga marufuku yeye mwenyewe kwa kuogopa virusi.

Mkuu wa idara hakupandisha sauti. "Matokeo yanatakiwa saa kumi leo. Wape wote sitini, yaishe."

"Siwezi kuandika alama ya kazi nisiyoiona, Mkuu."

"Utaandika sifuri? Watoto wa watu wanahitimu mwezi ujao."

"Nitawaita warudie."

"Haya. Mzigo wako, kichwa chako."

Saa saba mchana maabara ilijaa manung'uniko. Taratibu akawaeleza bila kuzunguka kwamba kosa ni lake.

"Kwa hiyo Mwalimu, duniani nimefaulu mimi peke yangu?" Bosi akauliza.

"Nyamaza wewe, ndiwe uliyetumeza!" mmoja akamjibu, na darasa zima likacheka, isipokuwa Muuguzi.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo aliyesoma baada ya zamu zake hospitalini. Somo hili tu ndilo lililombakia. Akihitimu angehamia ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa. Mgongo wake ulikuwa umekataa kuinua watu vitandani. Ijumaa alimaliza wa kwanza, kwa hiyo alifutwa wa kwanza.

Akamfuata Taratibu mezani. "Mwalimu, nina zamu saa nane."

"Huwezi kubadilishana na mtu?"

"Ninayempokea yuko wodini tangu jana usiku. Nimwambie nini?" Akashusha sauti. "Nimesikia Mkuu alisema sitini kwa wote. Kwa nini hukukubali?"

"Isingekuwa haki, dada."

"Haki ya nani? Kazi yangu umeifuta wewe."

Taratibu akamvutia kiti.

Muuguzi aliandika kwa dakika arobaini, mkoba begani, kama mtu anayetaka kuondoka na hawezi. Ijumaa ukurasa wake wa ratiba ya kliniki ulikuwa na jedwali, fomu ya miadi na picha. Leo jedwali lilikataa kufunga. Aliandika, akafuta, akaandika. Mara mbili Taratibu alinyoosha mkono kuelekea mahali kwenye skrini ilipokosekana alama ya kufungia jedwali, na mara mbili akaurudisha mfukoni. Mtihani ni mtihani.

Saa nane kasoro dakika kumi Muuguzi akahifadhi kazi kwa jina lake, akainuka, akashika kiuno.

"Inatosha?"

"Bado sijasahihisha."

"Mwalimu, uso wako umeshasahihisha," akasema, akatoka akikimbia kwa hatua fupi za mtu mwenye maumivu.

Taratibu akafungua ukurasa. Akafuata mwongozo wake mstari kwa mstari: kichwa, alama kumi; viungo, kumi na mbili; jedwali, sifuri; fomu, tisa; picha, tatu. Thelathini na nne. Kufaulu ni arobaini. Akajumlisha upya kutoka chini kwenda juu. Thelathini na nne.

Wengine walibonyeza vitufe kwa fujo kama mvua juu ya bati. Hakuna aliyemtazama.

Akaandika arobaini. Saa kumi kasoro dakika chache, safu zote za karatasi ya matokeo zilipojaa, akatia saini chini ya maneno yaliyochapwa, "Nathibitisha kwamba alama hizi ni za kweli," akapanda ngazi kwenda kwa Mkuu.